Barua kwa mwanangu: kabla hujalipia hiyo Subaru

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Malaba. Sisi hatujambo, ila foleni ya malori imefika tena hadi karibu na kwetu, na vumbi lake tunalinywa pamoja na chai. Picha za ile Subaru Legacy ya Kampala unayotaka kununua nimezipata zote. Nimemwonyesha mjomba wako, naye akazikuza kwenye simu akitafuta kutu chini ya milango. Gari linapendeza, sikatai. Rangi ya fedha, la mwaka 2005, na nyuma lina nafasi ya kutosha mizani zako za kupimia watoto na mizigo ya ofisi. Umeniuliza, "Mama, Subaru ni gari la kutegemewa?"

Ukimuuliza swali hilo kijana yeyote hapa mpakani atakujibu kwa Safari Rally. Mwaka 1997 dereva Colin McRae alishinda mashindano hayo ya magari akiwa na Subaru Impreza, na wapo watu hapa wanaosimulia ushindi ule utadhani wao ndio walioshika ramani. Wanasahau kwamba gari lile lilikuwa na mafundi wakilisubiri njiani, spea zimepangwa tayari. Wewe huko Kotido, Karamoja, utasubiriwa na nani? Kwa hiyo habari ya Subaru zote duniani waachie vijana. Mimi nitasema juu ya hii moja, na barabara utakayoipitisha.

Kwanza, hilo la magurudumu yote manne kuvuta. Umeandika kwamba unalihitaji kwa sababu ya mvua. Kwenye marram, barabara ya udongo wa changarawe, iliyolowa, yenye mteremko na kona, kweli litakusaidia. Gari halitelezi ovyo mkia ukatangulia. Lakini udongo mweusi wa Karamoja ni jambo lingine. Ukilowa unajaza meno ya tairi mpaka yanakuwa laini, na hapo magurudumu manne yatazunguka bure kama vile mawili yangezunguka. Tena Legacy ya kawaida iko chini. Ndugu yake Outback ina karibu milimita 200 kutoka tumboni hadi ardhini, Legacy haifiki hapo. Ukikuta mto umejaa, jibu ni lilelile kwa magari yote ya namna hiyo: egesha, ungoje maji yapungue. Mtu asikuuzie gari kwa kukuambia litapita popote.

Sasa injini, na hapa nisome polepole. Injini ya Subaru pistoni zake zimelala ubavu, mbili kulia na mbili kushoto. Ndiyo maana gari linatulia kwenye kona. Lakini ndiyo maana pia gasketi za silinda hedi, zile karatasi zinazoziba kati ya injini na vichwa vyake, zimesimama wima, na upande wake wa chini unaloa oili na maji hata gari likiwa limeegeshwa. Za lita 2.5 za miaka ile zinajulikana dunia nzima kwa kuvuja hapo. Za lita 2.0 zisizo na tabo, kile kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini, zina nafuu kubwa. Muuzaji anaweza kukwambia lolote, lakini namba ya chasisi haina mdomo wa kudanganya. Fungua boneti, isome kwenye ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini. Ikianza na BP5, ni lita 2.0. Ikianza na BP9, ni lita 2.5. Halafu tazama boneti yenyewe. Ikiwa ina tundu lililoinuka la kuvutia hewa, hiyo ni ya tabo, na BP5 ya tabo nayo ipo. Ya tabo iache. Kule kwao Japani inanyweshwa petroli ya daraja la juu, inataka oili ibadilishwe bila kuchelewa, na kwa kawaida kijana aliyekuwa nayo kabla yako hakuinunua ili aende polepole.

Kwenye picha zako sijaiona hiyo namba. Boneti ninaiona imefungwa, haina tundu. Hilo limenipa moyo kidogo.

Jambo ambalo lingenifanya nikatae gari hili ni maji ya kupozea injini, yaani kulanti. Nenda asubuhi na mapema, uweke kiganja juu ya boneti kabla hujasalimiana na mtu. Likiwa na joto, wameshaliwasha, na kuna kitu hawataki ukisikie au ukione. Rudi siku nyingine au usirudi kabisa. Likiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Kulanti nzuri ina rangi safi, ya kijani au buluu. Ukiona maji ya kahawia yenye kutu, ujue limekuwa likijazwa maji ya bomba, labda kwa miaka, na mtu anayejaza maji ya bomba kila mara anayajaza kwa sababu yanakwenda mahali. Ukiona utando wa mafuta juu ya maji, funga kifuniko, shukuru, ondoka.

Kuna ujanja mwingine wa mafundi wetu ambao mjomba wako anauchukia kuliko chochote. Gari likichemsha, badala ya kutafuta sababu, wanang'oa themostati, mlango mdogo unaodhibiti maji ya kupozea, na kuitupa. Mshale wa joto unashuka, mwenye gari anafurahi, analipa. Ugonjwa uko palepale. Utaugundua hivi: injini inachukua muda mrefu mno kupata joto, na ukishuka mlima kwa kasi mshale unarudi chini. Kwenye Legacy nzima, mshale hupanda ukasimama karibu na katikati na kukaa hapo, uwe foleni ya Jinja Road au mlimani.

Kisha liendesheni kwelikweli. Kuzunguka mtaa mmoja si kulijaribu gari. Mwambie muuzaji unataka kwenda Lugazi na kurudi, mafuta juu yako. Akikataa, amekusaidia. Mkirudi, acheni injini ingurume palepale, kiyoyozi kimewashwa, mtazame mshale na mtazame chupa ya akiba ya maji. Mapovu yakipanda mfululizo kwenye chupa hiyo baada ya safari, hewa ya moto kutoka kwenye silinda inaingia kwenye maji, gasketi imekwisha. Jaribu pia hita. Najua hutaihitaji Kotido, lakini ikiwa injini ni ya moto na hita inapuliza baridi, maji yamepungua au hewa imenaswa ndani. Mjomba ana dawa ya buluu inayowekwa mdomoni mwa rejeta. Ikikutana na moshi wa injini inageuka njano. Kipimo hicho ni cha dakika chache. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Mkanda wa taimingi, ule unaopanga mwendo wa vali na pistoni, usiusahau. Injini hiyo ina mkanda, na ukikatika vali zinagongana na pistoni, basi umenunua injini nyingine. Hubadilishwa kwenye kilomita 100,000 hivi, pamoja na pampu ya maji kwa kuwa inazungushwa na mkanda huohuo. Kama hana risiti wala kibandiko kwenye injini kinachoonyesha lini ulibadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa, uitoe gharama hiyo kwenye bei.

Huyo muuzaji anasema kilomita ni 98,000. Gari la 2005? Nimekaa miaka mingi kwenye ofisi za kutoa magari hapa mpakani, na karatasi za Japani ninazijua. Cheti cha kusafirishia gari nje ya Japani huwa kinaandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wao. Gari hilo lilipoingia Uganda lilikuwa nacho. Mwombe nakala. Kama cheti cha wakati huo kinasema 110,000 na dashibodi leo inasema 98,000, huna haja ya kugombana naye, unakunja karatasi unaondoka. Asipokuwa nacho, tazama mpira wa pedali ya breki na ngozi ya usukani. Hivyo havirudishwi nyuma na mtu mwenye kompyuta.

Umri wenyewe usikutishe. Mwaka 2018 sheria yetu ya Uganda ilizuia kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi, kwa hiyo la 2005 lililoko Kampala leo limekaa hapa miaka kadhaa. Wenzetu wa Kenya wanakomea miaka 8, ndiyo maana unaona mengi yanashuka Mombasa yakipita tu kuja kwetu. Miaka ya Japani hainihangaishi sana. Ya hapa ndiyo nataka kujua: nani aliliendesha, na nani alilitengeneza.

Tairi. Hili utalidharau, na ndilo litakalokula mshahara wako. Gari la namna hii linataka tairi nne zinazofanana: saizi moja, aina moja, zimelika sawa. Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzunguko isizidi milimita 6. Ukiweka mbili mpya na mbili kipara, mbele na nyuma zinazunguka kwa kasi tofauti, na kile kinachogawa nguvu katikati kinafanya kazi bila kupumzika mpaka kinaungua. Jirani yetu wa hapa Malaba alifanya hivyo ili aokoe pesa ya tairi mbili. Giaboksi ilimgharimu zaidi ya tairi zote nne. Kwa hiyo ukifika, chuchumaa usome tairi zote nne. Zikiwa za kampuni nne, jua giaboksi imekwishateseka.

Na ipime hivi. Baada ya safari ya Lugazi, giaboksi ikiwa ya moto, tafuteni uwanja wa lami. Kata usukani hadi mwisho, acha gari lizunguke lenyewe polepole bila kukanyaga mafuta. Linapaswa kuzunguka laini. Likisitasita, likirukaruka, au likisimama kana kwamba kuna mtu amelishika kwa nyuma, kile cha katikati kimeshikamana. Zile otomatiki za gia nne zina difu ya mbele, gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele, yenye oili yake peke yake na kijiti chake cha kupimia, na mafundi wasioijua huchanganya, wakamimina ya giaboksi kwenye difu. Mjomba atavivuta vijiti vyote viwili. Jambo jingine: likiharibika njiani, halivutwi kwa kamba huku magurudumu mawili yakiburura lami. Linapakiwa juu ya lori, yote manne hewani. Ulizia kwanza hapo Kotido na Moroto nani ana lori la hivyo na anadai kiasi gani.

Kuhusu karatasi sitakuchosha, hizo niachie. Nitumie picha ya logibuku, kile cheti cha umiliki wa gari, na ya namba ya chasisi. Jina la kwenye logibuku liwe la huyo anayepokea pesa, na kitambulisho chake kifanane. Usikubali mkataba wa wakili unaotoka kwa mtu aliyenunua kwa mtu aliyenunua kwa mwenye logibuku. Kampala watu wanakopa kwa kuweka magari rehani, halafu wanayauza. Tangu sheria ya 2019 URSB, ofisi ya serikali ya usajili, wana rejista ya mali zinazohamishika zilizowekwa dhamana. Nitaitafuta namba hiyo mwenyewe kabla hujatoa hata shilingi. Usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia.

Baba yako, nikimsomea barua hii, amesema neno moja tu: "Fielder." Sawa, Corolla Fielder spea zake ziko kila duka hadi Kotido, na kila fundi amelifungua. Ya magurudumu manne ipo pia. Kwa Legacy, spea utaagiza Kampala, soko la Kisekka, usubiri basi. Lakini simkubalii moja kwa moja. Legacy iliyotunzwa inakaa barabarani vizuri zaidi, na wewe utakuwa unasafiri peke yako, mbali, kwenye marram yenye mawimbi. Kati ya Fielder iliyochoka na Legacy ya lita 2.0 yenye kulanti safi, mimi nachukua Legacy. Kati ya Legacy hii na nyingine ya BP9 yenye bei nafuu, sichukui ya BP9 hata nikiongezewa tairi mpya.

Pesa: kama una milioni 20, tafuta gari la 15. Nyingine ibaki kwa mkanda, pampu ya maji, themostati ya kweli, oili zote, na tairi nne kama zitahitajika. Mambo hayo yafanywe Kampala wiki hiyohiyo, kabla gari halijaiona Karamoja. Muuzaji akikubali kushuka bei baada ya kuona mapovu kwenye chupa, usishawishike. Bei haitibu gasketi.

Mjomba wako ameshakubali kuja. Anapanda basi Ijumaa na atalala kwa binamu yako Ntinda. Mwambie muuzaji mtafika Jumamosi mchana, halafu mfike saa moja asubuhi. Wewe njoo na tochi, kitambaa cheupe cha kufutia vijiti vya oili, na pesa za mafuta. Za kununulia gari ziache benki. Na umnywishe mjomba chai na kitu cha kutafuna kabla hajaingia chini ya gari, maana akiwa na njaa hakuna gari analolisifu.

Mama yako