Ukurasa wa magari uongeze safu moja

Mhariri,

Wiki iliyopita ukurasa wenu wa magari uliiweka Datsun 240Z ya zamani, gari la spoti, kando ya mjukuu wake, Nissan Z mpya, ukamaliza kwa kusema ile ya zamani imebaki pambo. Nguvu ya farasi 151 kwa farasi 400, kabureta mbili za kuchanganya petroli na hewa kwa turbo mbili za kuisukumia injini hewa. Hesabu sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni hilo neno pambo.

Mwaka 1976 nilikuwa kijana wa kushika spana kwenye gereji moja hapa Tabora. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alikuwa na 240Z ya rangi ya chungwa, na kila ikija tuligombania kufungua boneti. Sifa zake tulizijua kwa kichwa: ilishinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1971, dereva Edgar Herrmann, ikarudia 1973 na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, mtu wa huku kwetu. Pambo gani hilo lililokula vumbi na tope kiasi kile?

Kazi niliyoipenda ni kusawazisha kabureta, zote mbili zivute hewa sawasawa. Unakata kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, unasikiliza inavyovuta hewa. Unahamia ya nyuma. Ikivuma zaidi, unageuza skrubu kidogo tu, unarudi mbele. Fundi mkuu wetu, Mungu amrehemu, alikuwa akinywa chai pembeni, na kabla sijainua kichwa anasema, "Ya nyuma bado." Kweli, bado. Pengo la platini, zile ncha za kukatisha umeme wa plagi, tulilipima kwa kipande cha pakiti ya sigara pale filageji, kile kibapa cha kupimia mapengo, ilipopotea, na ilipotea mara nyingi.

Sasa mwaka jana mpwa wangu alikuja kutoka Dar es Salaam na gari la spoti la kisasa, jina silitaji. Akanipa usukani njia ya Sikonge. Mbuzi wakakatiza barabara. Nilikanyaga breki mpaka mwisho, pedali ikatetemeka chini ya mguu, gari likasimama limenyooka. Kwa 240Z, yenye disku mbele na ngoma nyuma, bila kompyuta ya kuzuia matairi yasijifunge, ningewakosa mbuzi nikaupata mti. Hapo la kisasa limeshinda, sibishani.

Lakini siku ya kuondoka likazima karibu na kwangu. Nikafungua boneti, nikakuta mfuniko wa plastiki. Hata pa kutia mkono sikupaona. Kijana mwenye mashine ya kupimia akachomeka waya chini ya usukani, na chai yangu haijapoa akatoa jibu: sensa ya kamshafti, kidude cha kuiambia kompyuta shafti ya valvu imefika wapi. Mimi ningeitafuta mpaka magharibi. Ila dawa haikuwepo mjini. Kidude kinachoenea kiganjani kikaagizwa Dar, zaidi ya kilomita 800, kikaja kwa basi siku ya tatu, na siyo chenyewe. Cha pili kilifika siku ya sita. Muda wote huo gari limelala chini ya mwembe wangu, kuku wanapanda juu ya boneti, na mpwa wangu kazi yake ni kuwafukuza.

Basi mkipanga tena jedwali la farasi, mwendo na bei, ongezeni safu moja: likiharibikia Tabora au Kigoma, linapona kwa siku ngapi, na spea inatoka wapi? Na 240Z nayo iwekwe humo bila upendeleo, maana kabureta zake leo hukuti duka lolote la spea hapa.

Yule kijana wa mashine ameniomba nimfundishe ile ya mpira wa maji. Nikamwambia alete gari lenye kabureta mbili. Juzi kaja na pikipiki.

Fundi mstaafu,
Isevya, Tabora