Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tuulize Mtu Ameishi Wapi

Ndugu wanachama,

Mahesabu yamekaguliwa, na mweka hazina atayasoma mwenyewe. Mimi nina jambo moja: swali ambalo bado hatuliulizi inavyotakiwa.

Mhamiaji akifika kliniki tunamuuliza ameingia lini. Tunasahau kumuuliza ameishi wapi maisha yake yote. Mnyoo wa strongiloides, unaoingia mwilini kutoka kwenye udongo na kukaa utumboni, hujizalisha ndani ya mwili bila mtu kuambukizwa upya. Wanajeshi wa Uingereza walioshikwa mateka Asia ya Kusini-Mashariki katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia walikutwa nao miongo mingi baada ya kurudi kwao.

Kisa alicholeta mwenzetu mmoja kikaoni hakijanitoka kichwani. Mgonjwa wa pumu, aliyehama zamani sana, alikuwa akipewa steroidi, dawa zinazoshusha kinga ya mwili. Tumboni alikuwa na michirizi myekundu iliyokuwa ikihama mahali, ikadhaniwa ni mzio. Kinga iliposhuka, minyoo hiyo ya strongiloides ikafumuka. Kwenye slaidi ya makohozi mabuu yalikuwa yakijinyonganyonga, hai kabisa. Vidonge vya ivermektini, dawa ya minyoo, kabla ya steroidi vingemwepusha na yote hayo. Ila aliyeishi Afrika ya Kati apimwe kwanza vimelea vya mnyoo mwingine, Loa loa, kwenye damu, kwa sababu vimelea hivyo vikiwa vingi dawa hiyo hiyo huweza kudhuru ubongo.

Kwenye kichocho tumesogea kidogo. Wengi wenu sasa mnachukua mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi, na hamwishii kwenye hadubini. Mnapima na kingamwili za damu. Endeleeni hivyo. Na mtu akiwatajia mto Cavu wa Corsica, ambako walioogelea mwaka 2013 waliambukizwa bila kutoka Ulaya, msikubali uwe fimbo ya kuwachapia wahamiaji. Kichocho hakipiti kwa kushikana mikono. Kinahitaji konokono wake na maji yaliyoingiwa na mkojo au kinyesi chenye mayai. Anayetibiwa kwa dawa ya prazikuanteli kwa kawaida huacha kumwaga mayai hayo.

Kilichoniuma zaidi mwaka huu ni wakalimani. Nimemwona kwa macho yangu mtoto akimtafsiria mama yake swali la damu kwenye mkojo. Mama akainamisha uso, akajibu hapana. Jibu la namna hiyo tunaliingiza kwenye takwimu kisha tunaita ufuatiliaji! Kamati imeamua kwamba fungu la kwanza la mwaka ujao liende kwa wakalimani watu wazima, wanawake kwa wanaume, hata kama mkutano mkuu utafanyika bila chakula.

Wajawazito waliokulia Amerika ya Kusini na ya Kati wapimwe wote ugonjwa wa Chagas, ambao mama anaweza kumwambukiza mtoto tumboni. Mtoto akigundulika na kutibiwa katika mwaka wake wa kwanza, karibu kila mara hupona.

Fomu mpya zipo mezani kwa katibu. Swali la makazi ni la kwanza, na lina mistari sita ya kujaza.