Kabla hamjalipa nauli ya Uganda

Mama Neema mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Kisumu. Sisi tu wazima, ila joto limetuzidi, na Baraka yuko kwenye mitihani. Baba Neema hajambo? Mguu wake je?

Habari yako nimeipata kwa yule dada wa kwaya, kwamba mwezi wa nane mnakwenda misheni Uganda, wiki tatu, kwenye nyumba ya watoto yatima, na mmeshaanza kuchanga. Nilifurahi, nikakuombea papo hapo. Usiku usingizi ukanipaa. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu, maana kwa simu hungeniacha nimalize.

Wajua kazi yangu hapa ya kulea kwenye nyumba ya watoto nimeianza Baraka akiwa bado mgongoni. Wageni wa misheni tumewapokea wengi, kutoka Marekani, Korea, hata Nairobi. Ni watu wenye moyo, wanatoa jasho lao na pesa zao. Lakini wao huiona siku ya kufika, na sisi tunaosalia ndio tunaoiona kesho yake baada ya gari kuondoka.

Tuna binti wa miaka minne. Gari likiingia tu, humkimbilia mgeni asiyemjua kabisa, huinua mikono abebwe, humwita mama. Mgeni hububujikwa na machozi, akasema mtoto huyu ana upendo wa ajabu. Wewe umelea, Mama Neema. Neema wa umri ule alikuwa akijificha nyuma ya leso yako mtu akibisha hodi. Huyu wetu amepata akina mama wengi kupita kiasi, na wote wameondoka. Siku hizi halii tena. Hukaa karibu na bomba akivuta uzi wa sweta, polepole, mpaka mkono mzima unafumuka. Jioni mimi hushona.

Kwenye semina moja afisa wa watoto alitueleza habari za watoto wa Romania waliokulia kwenye taasisi pale Bucharest. Waliopelekwa kwa familia wakiwa hawajafika miaka 2 walikua vizuri kuliko waliocheleweshwa. Niliposikia hivyo nilimwona binti huyu moja kwa moja.

Na neno hili la yatima mliulize vizuri. Wengi wa watoto wetu wana mtu. Mmoja ana nyanya yake Nyakach, huja kumwona na karanga amezifunga kwenye pindo la leso, wanakaa chini ya mwembe mpaka zinaisha. Nyanya hakumleta kwa kutompenda. Alishindwa na unga na sare ya shule, basi. Pesa ya kumleta mgeni mmoja kwa ndege ingemkalisha mtoto yule kwao muda mrefu sana. Serikali yetu yenyewe imeshaamua hivyo: mkakati wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watoke kwenye nyumba hizi warudi kwa jamaa zao, au kwa familia nyingine za kuwalea. Yakobo 1:27 tunaisoma kila mara wageni wakija, na pale yatima na mjane wametajwa pamoja. Mbona misheni zetu humwendea yatima na kumpita mjane njiani?

Sikukatazi kwenda. Nataka uende, ila uende na cherehani yako. Kwenye nyumba kama hizi wasichana wa miaka kumi na sita, kumi na saba huwa wanahesabu siku za kutoka na hawana kazi ya mikono. Wafundishe kukata sketi na kutia zipu. Wafundishe pia walezi, na nyanya wa kijiji kile kama wapo, ili sare zishonwe palepale hata nyinyi mkisharudi Nakuru. Watoto wadogo waacheni mikononi mwa mlezi wao. Mfulie nguo, mpikie, umpe nafasi alale mchana, yeye ndiye abaki akiwabeba. Na picha jamani, mwambie mchungaji hakuna kuweka sura za watoto kwenye Facebook. Yule binti wetu sura yake iko kwenye simu za watu ambao hata jina lake hawalikumbuki.

Hayo yaseme kwenye kikao chenu cha maandalizi. Wewe wanakusikiliza, na mimi ni wa mbali.

Sasa nijibu. Nyumba hiyo ina idhini ya serikali? Uganda wana kanuni za nyumba za watoto tangu 2013, kwa hiyo cheti kinatakiwa kiwepo, ombeni mkione. Watoto wangapi wana jamaa walio hai, na nani huwatafuta? Mlezi mmoja ana watoto wangapi? Aliyewaalika ni nani, ni walezi au ni mwenye nyumba? Mmeshachanjwa homa ya manjano? Kadi yake huulizwa mpakani. Na mtapitia Busia au Malaba? Ikiwa ni Busia, shukeni Kisumu mlale kwangu usiku mmoja, mzungumze na walezi wenzangu kabla ya kuvuka. Omena na wali wa Ahero vitakuwepo. Niambie mapema mko wangapi, niazime magodoro.

Wako,
Mama Baraka