Picha ya chapa si fotokopi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nieleze jambo ambalo limenikaa moyoni tangu maonyesho ya sanaa yaliyofanyika hapa Bagamoyo hivi karibuni. Nilipeleka picha mbili za chapa nilizozitengeneza kwa mkono wangu kuanzia kuchanja bamba hadi kuanika karatasi. Waandaaji, ambao sina nia ya kuwataja, waliziondoa ukutani na kuzipanga juu ya meza ya kadi na kalenda, kwa maelezo kwamba kwa kuwa chini ya picha nimeandika kwa penseli 4/12 na 5/12, basi hizo ni nakala tu na picha yenyewe nimeiacha nyumbani. Kijana aliyekuwa akiandikisha wasanii aliniuliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, orijino iko wapi?" Nilimjibu kwamba orijino ndiyo hiyo aliyoishika, naye akadhani namtania.

Kijana huyo simlaumu. Tunapotamka neno kuchapa, akili inakwenda kwenye gazeti, kanga, kadi ya harusi na fulana za kampeni, na katika vitu hivyo cha kwanza na cha elfu moja havina tofauti yoyote. Wewe Mhariri unalijua hilo kuliko mimi, maana gazeti lako hutoka kwenye bamba la alumini ambalo taswira yake imewekwa kwa mwanga na kemikali, na likifungwa mtamboni linatoa maelfu ya nakala kabla ya jua kuchomoza. Upo uchapaji mwingine ulioanza Ulaya katika karne ya 15, ambao hauna kamera, hauna kompyuta wala asidi. Unaitwa draipointi. Mchoraji hushika sindano ngumu ya chuma na kuchanja mchoro wake moja kwa moja kwenye bamba la shaba, zinki au hata plastiki ngumu. Kisha hupaka wino, hufuta, hulaza karatasi yenye unyevu juu yake na kupitisha vyote katikati ya roli mbili zinazokandamiza kwa nguvu.

Siri yote ya kazi hii iko kwenye jambo dogo ambalo jicho haliwezi kuliona vizuri lakini kidole kinalihisi. Sindano inapopita kwenye shaba haiondoi chuma kama patasi inavyoondoa mbao kwenye mlango wa nakshi, bali inakisukuma pembeni, kama jembe linavyoacha udongo kando ya mfereji. Tuta hilo dogo la chuma, lenye meno meno, ndilo linaloshika wino mwingi kuliko mfereji wenyewe, na ndilo linaloufanya mstari wa draipointi kuwa mzito, laini na wenye kivuli kama mahameli. Sindano ikilazwa mno, inakuna tu na tuta halitokei. Ikisimamishwa wima kabisa, tuta linagawanyika pande mbili na kuwa dhaifu. Ikiinamishwa kiasi, kwenye nyuzi 60 hivi, chuma chote kinainukia upande mmoja na mstari unanenepa. Mimi hutumia tupa kuukuu ambayo fundi chuma wa mtaani kwetu aliinoa ncha yake mpaka ikawa kama mwiba wa nungu, na baada ya saa moja ya kuchanja shaba kwa tupa ile vidole havikunjuki.

Picha yenyewe niliipata kwa kuunganisha vitu viwili ambavyo mtu wa Bagamoyo huviona mara nyingi mpaka akaacha kuvitazama. Jioni moja mdundiko ulipita mtaani kwetu. Kwa msomaji wa mbali asiyeujua, mdundiko ni ngoma ya Wazaramo inayotembea, wapigaji na wachezaji wakienda pamoja barabarani, na kila nyumba inayopitwa ikiongeza watu. Nilikuwa nimekaa chini barazani, kwa hiyo sikuona nyuso, niliona miguu: magoti yaliyokunjwa, visigino vilivyochimba mchanga, na vivuli vilivyozidi kurefuka kadiri jua lilivyoshuka. Kesho yake asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, nilikwenda kwenye mikoko nyuma ya magofu ya Kaole, mahali ambapo zamani vyombo vilitia nanga na ambapo leo miti imeuweka mji ule mbali na bahari. Mkoko husimama juu ya mizizi inayotoka kwenye shina na kujipinda hewani kabla ya kuzama kwenye tope. Niliitazama kwa muda mrefu. Yalikuwa magoti yale yale ya jana, yamekunjwa kwa namna ile ile, uzito wote ukiwa chini na kiwiliwili kikiwa chepesi juu. Pembeni yake palikuwa na mchu, ambao vipumulio vyake husimama wima juu ya tope kama penseli, na kati ya vipumulio hivyo kaa mmoja alikuwa akitoka na kuingia shimoni kwake kwa mwendo ambao mpiga chapuo yeyote angeutambua.

Nilichora penseli siku tatu, na ndipo nikaanza kuchanja. Hapa ndipo nilipojifunza kwamba draipointi na ngoma vina undugu. Shaba haikubali mkunjo kirahisi. Ukitaka kupinda mstari kwa haraka, sindano inakwama kwenye tuta la mstari uliotangulia, inateleza na kukupeleka usikotaka, na kosa hilo halifutiki kwa mpira. Itakubidi ulikwangue na kulisugua mpaka bamba ling'ae tena. Kwa hiyo goti la mchezaji na mzizi wa mkoko sikuvichora kwa mkunjo mmoja, bali kwa mikato mifupi inayofuatana, kila mmoja ukianza pale mwenzake ulipochoka, na mkono ukishaikubali hali hiyo hujikuta unachanja kwa mapigo. Ndiyo maana mistari ya picha ile inaonekana kutetemeka. Mchoro wa penseli, nikiuweka karibu, unaonekana umelala.

Chapa ya kwanza ya majaribio nilimwonyesha mzee mmoja jirani yangu ambaye amepiga ngoma maisha yake yote. Aliitazama, akaigeuza, akaniuliza, "Mwanangu, huyu mbona anaongoza kwa mkono wa kushoto? Na watu wako hawa wanakwenda pwani kufanya nini, wakati mdundiko ule ulikuwa unarudi mjini?" Nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mchapaji hulijua: chapa hutoka ikiwa imegeuzwa kama sura kwenye kioo. Ilinibidi nichukue bamba jingine na kuanza upya, mchoro ukiwa umegeuzwa safari hii, ili karatasi ije kuurudisha sawa. Kazi ya wiki mbili ilipotea, lakini mzee alikuwa na haki, na nisingeweza kuitundika mbele ya watu wa hapa picha ambayo wapigaji wake hawapigi inavyopigwa.

Sasa nirudi kwenye neno nakala, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kila karatasi moja hudai kazi nzima ifanywe upya. Bamba napasha moto kidogo ili wino wa mafuta ulainike, ingawa kwa joto letu mara nyingi kuliweka juani kunatosha. Wino nausukuma kwenye mikwaruzo kwa kipande cha kadi, kisha naufuta kwa shashi iliyotiwa wanga, nikizungusha mkono pole pole bila kukandamiza, kwa sababu ukikandamiza shashi inaung'oa wino uliokaa kwenye matuta. Mwisho nafuta kwa kiganja. Karatasi imekwisha kulowekwa na kukaushwa maji ya juu kati ya vitambaa, ili iwe laini kiasi cha kuingia ndani ya mifereji na kuuvuta wino. Juu yake nalaza blanketi la sufu, kisha nazungusha usukani wa mtambo, ambao alinitengenezea fundi wa kuchomelea kwa shafti mbili za chuma chakavu.

Na kila mara roli zinapopita, zinayalaza matuta. Hakuna namna ya kulizuia hilo. Katika karne ya 19 wachapaji waligundua njia ya kuipaka shaba ngozi nyembamba sana ya chuma ili idumu, lakini bamba tupu kama langu linachoka mapema mno. Chapa zangu tatu za kwanza zilikuwa na weusi mzito chini ya magoti, pale tope linapoanza. Kufikia ya kumi weusi ule ulikuwa umegeuka kijivu, na ya kumi na mbili ilibaki na mistari myembamba, safi, kama mchoro wa kalamu ya wino. Hapo nikasimama, nikachanja mstari mmoja mrefu kukatisha bamba kutoka pembe hadi pembe ili lisichapwe tena. Hiyo ndiyo maana ya 4/12: ni ya nne kati ya kumi na mbili zilizopo na zitakazokuwapo.

Tena, ile ya nne na ile ya tano hazifanani. Kwenye ya nne nilifuta anga mpaka shaba ikang'aa, kwa hiyo karatasi imebaki nyeupe na wachezaji wako kwenye jua la alasiri. Kwenye ya tano niliacha utando mwembamba wa wino juu ya bamba, nikafuta duara dogo tu kwa ncha ya kidole, na ngoma ile ile ikawa ya usiku wa mbalamwezi. Wako wachapaji wanaotaka chapa zao zote zilingane kabisa, nami naheshimu uangalifu wao, lakini ngoma haichezwi mara mbili sawasawa, na sikuona sababu ya kuilazimisha. Rembrandt wa Uholanzi alifanya makubwa kuliko hayo: mwaka 1653 alichanja kwa draipointi bamba la kusulubiwa kwa Kristo, akalichapa, kisha baadaye akalirudia kwa sindano mpaka mwanga mwingi wa ile picha ukamezwa na giza. Majumba ya makumbusho huhifadhi chapa za hatua ya mwanzo na za hatua ya mwisho, na hakuna anayeuliza ipi kati yake ni fotokopi ya mwenzake.

Wala hili si jambo geni kwetu. Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyoanza miaka ya 1970, iliwapa nafasi wasanii kama George Lilanga na Robino Ntila, ambao pamoja na kazi zao nyingine walifanya chapa kutoka kwenye bamba za chuma, na chapa za Lilanga leo zimo katika mikusanyo ya nchi za mbali. Mji wetu una Chuo cha Sanaa tangu mwaka 1981, ambacho sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na kwa sababu hiyo mtu akitembea jioni hapa hakosi kusikia ngoma kutoka kila pembe ya nchi. Sijui mahali pengine Tanzania ambapo mchoraji anaweza kupata miguu inayocheza asubuhi na mizizi ya mikoko mchana bila kupanda gari.

Ninachoomba kwa waandaaji wa maonyesho, hapa na kwingineko, ni kwamba fomu ya kujiandikisha iwe na kifungu cha picha za chapa, kinachouliza bamba lilikuwa la nini, chapa zilizotolewa ni ngapi, na kama bamba limekwisha kufungwa lisichapwe tena. Maswali hayo matatu yanatosha kumtenganisha mchapaji na mwenye duka la fotokopi.

Kwako Mhariri na kwa wenye viwanda vya uchapaji nina ombi jingine. Zile bamba zenu za alumini, zikishachapa gazeti la siku, kazi yake imekwisha na huishia kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Zinachanjika kwa sindano. Hazidumu kama shaba, lakini zinatoa chapa chache nzuri, na bamba moja likikatwa linatosha wanafunzi wengi. Wanafunzi wangu kwa sasa wanachanja maboksi ya maziwa yaliyofunguliwa na kusafishwa, upande wa ndani wenye utando unaong'aa, na mmoja wao, binti wa kidato cha pili, amechanja yangeyange anayeinua mguu mmoja kwenye maji ya chini kwa mikato isiyozidi ishirini. Boksi lake lilitoa chapa nne kabla ya kupondeka. Ningependa kumpa kitu kigumu zaidi.

Picha zangu mbili nitazirudisha kwenye maonyesho yajayo. Naomba zitundikwe ukutani, ya nne na ya tano jirani, ili yule kijana wa kuandikisha asimame mbele yake na kutazama mizizi iliyo chini upande wa kushoto, kwanza ya mchana, kisha ya usiku.

Mwalimu wa sanaa,
Bagamoyo