Maji ya Jatiluwih yana wenyewe

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita gazeti lako lilitoa picha kubwa ya mashamba ya mpunga ya Jatiluwih, kisiwani Bali, Indonesia. Chini yake yalikuwapo maneno machache tu, kwamba hapo ni mahali pa kuvutia kwa mapumziko. Picha ilikuwa nzuri, sina ugomvi nayo. Kilichoniuma ni kwamba hakukuwa na mkulima hata mmoja, si kwenye picha wala kwenye maneno. Nimekuwa bwana shamba wa mpunga kwa zaidi ya miaka thelathini, na Jatiluwih nimefika. Naomba nafasi niwaeleze wasomaji wako kijiji kile ni kitu gani.

Jatiluwih iko katika tarafa ya Penebel, wilaya ya Tabanan, kiasi cha mita 700 juu ya usawa wa bahari, ubavuni mwa mlima Batukaru unaofika mita 2,276. Majaruba yanapanda mlima ngazi kwa ngazi, kila moja likifuata mkunjo wa ardhi, yote pamoja hekta zipatazo 300. Familia nyingi zina chini ya nusu hekta. Wanapanda mpunga mwekundu wa asili, mrefu, unaokaa shambani karibu nusu mwaka, kisha msimu wa pili wanaweka mbegu fupi za kisasa zinazokomaa haraka. Mpunga wa asili huvunwa shuke kwa shuke kwa kisu kidogo kinachofichwa kiganjani, ani-ani, ili Dewi Sri, mungu wao wa mpunga, asishtuke. Baada ya mavuno huingizwa bata, wakaokota punje zilizodondoka na wadudu waliobaki.

Lakini hayo yote yanasimama juu ya maji, na maji ya Bali yako chini kabisa, kwenye mabonde membamba yaliyochimbwa na mito. Kuyapandisha hadi shambani ilibidi watu wajenge mabanio, yaani vizuizi vya kuchepusha maji, juu mtoni, watoboe mwamba kwa mikono na kupitisha maji ndani ya mlima, kisha mifereji iteremke kilomita kadhaa. Kazi hiyo haifanywi na ukoo mmoja. Ndiyo maana wana subak, yaani umoja wa wote ambao majaruba yao yanakunywa kwenye banio moja. Jina hilo limo katika maandishi ya kale ya kisiwa hicho tangu karne ya 11. Subak ina kiongozi wake, pekaseh, ina sheria zake, awig-awig, ina siku za kusafisha mfereji na faini kwa asiyetokea. Mtu anaweza kuwa na mashamba kwenye subak mbili, na atawajibika kote kuwili.

Nilipofika, nilitumia muda mrefu kuliko wenyeji wangu walivyotarajia nikiwa nimechuchumaa kwenye tembuku. Tembuku ni kigawio cha maji. Zamani ilikuwa gogo lililolazwa ndani ya mfereji na kuchongwa mapengo ya kina kimoja. Siku hizi nyingi ni za saruji. Upana wa pengo ndio fungu la mtu. Anayedhani kapunjwa anapima kwa kiganja chake, mbele ya jirani yake, na shauri linaishia hapo hapo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Tangu nianze kazi swali moja limenisumbua: kwa nini mkulima wa juu amwachie maji mkulima wa chini? Katika skimu moja ya umwagiliaji niliyohudumu, jibu letu lilikuwa kumwita mgambo. Wa juu walifungulia usiku, wa chini wakaamka na jembe mkononi, na kila msimu kulikuwa na kesi. Bali wana jibu jingine, nalo ni mdudu. Mpunga ukiwapo shambani muda wote, mahali popote bondeni, panya na wadudu hawakosi chakula: wanahama kutoka jaruba lililovunwa kwenda lile bichi. Dawa ya asili ni watu wote wa eneo kubwa kuvuna pamoja na kulaza mashamba pamoja, wadudu wafe njaa. Lakini wa chini hawezi kupanda sambamba na wa juu kama maji hayamfikii. Wa juu akimnyima maji, wa chini atachelewa, na wadudu watakaozaliwa kwenye shamba lililochelewa watapanda kula la juu. Hivyo mwenye maji naye anamhitaji asiye nayo.

Wote wakipanda siku moja, napo maji hayatoshi. Lazima bonde ligawanywe, wengine watangulie wengine wafuate, kwa mafungu yasiyo makubwa mno wala madogo mno. Hesabu hiyo hufanywa katika mikutano ya subak kwenye mahekalu ya maji, kuanzia lile dogo la banio hadi makubwa kama Pura Luhur Batukaru, kwa kalenda yao ya siku 210. Mimi si wa dini yao ya Kihindu, na heshima yangu kwa ibada yao ni ya mgeni. Lakini kazi ya mikutano ile naielewa vizuri, kwa sababu ndiyo kazi niliyoshindwa kuifanya.

Katika miaka ya 1970 serikali ya Indonesia ilitaka mchele mwingi upesi. Wakulima wa Bali walipewa mbegu za muda mfupi, mbolea na viuatilifu kwa mkopo, wakaambiwa wapande mfululizo bila kungoja mtu. Miaka ya mwanzo mavuno yalipanda. Kisha akaja wereng, mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza shina, akayala mashamba ya IR8, mojawapo ya mbegu hizo. Ikaletwa mbegu nyingine, IR36, inayomstahimili, ukafuata ugonjwa wa tungro. Dawa zikaongezwa, zikawaua hata wadudu waliokuwa wakimla wereng. Mwaka 1986 Rais Soeharto alipiga marufuku aina 57 za viuatilifu kwenye mpunga. Karibu na miaka hiyo mwanaanthropolojia J. Stephen Lansing na mwanaikolojia James Kremer walitengeneza programu ya kompyuta ya subak 172 zilizo kati ya mito Oos na Petanu, wakajaribu kila namna ya kupangilia misimu. Namna iliyotoa mavuno mazuri ilikaribiana sana na ile iliyokuwa ikipangwa hekaluni.

Mhariri, IR36 ya Bali na IR54 tuliyoizoea kwenye skimu yetu ya Lower Moshi zilitoka taasisi moja ya utafiti wa mpunga, ya Los Baños, Ufilipino. Zilikuwa mbegu nzuri na bado nazitetea. Ila nami niliwaambia wakulima wapande mfululizo. Niliyasema hayo kwa imani, nikiwa kijana mwenye cheti kipya, na mzee mmoja aliponiuliza shamba litapumzika lini nilimjibu kwa ukali. Sijapata nafasi ya kumwomba radhi.

Mwaka 2012 UNESCO iliorodhesha mandhari ya subak kuwa urithi wa dunia, hekta 19,500, na Jatiluwih ikiwa ndani yake. Mwaka 2024 shirika la utalii la Umoja wa Mataifa likakitaja kijiji hicho miongoni mwa vijiji bora vya utalii. Wageni wanakuja na kulipa kiingilio, na fedha hiyo inasaidia. Lakini vijana wengi wa Bali wanaona hoteli za kusini zinalipa kuliko jembe, na kila jaruba linalogeuzwa mgahawa linatoa mtu mmoja kwenye siku ya kusafisha mfereji. Wakipungua mno, maji hayatafika kwenye ngazi zile za kijani, na hao wapiga picha hawatakuwa na cha kupiga.

Kwa hiyo picha ile ikirudi gazetini, naomba itajwe subak, na mpiga picha ashushe kamera hadi kwenye tembuku. Na ukiwa na mwandishi wa kumtuma karibu zaidi, mpeleke kwenye mkutano wowote wa kupanga zamu za maji kabla ya msimu ujao, akahesabu waliotoka mwisho wa mfereji ni wangapi mle ndani, na wangapi wamepewa nafasi ya kusema.

Bwana shamba mstaafu,
Moshi Vijijini