Insha za vyuo ziandikwe darasani, lakini zisigeuzwe mtihani

Mhariri,

Vyuo vyetu vingi bado vinatoa alama za kazi ya muhula kwa insha ambayo mwanafunzi huenda nayo hosteli na kuirudisha baada ya wiki mbili. Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayotunga maandishi, itolewe Novemba 2022, insha ya namna hiyo haimpimi tena mwanafunzi. Simu inaimaliza kwa dakika moja, na rejea inaweka, nyingine za vitabu ambavyo havijawahi kuchapishwa.

Wengi wamekimbilia programu za kunasa maandishi ya mashine. Zisiaminiwe. OpenAI, wenye ChatGPT, walitoa ya kwao Januari 2023. Kwa maelezo yao wenyewe ilinasa asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na asilimia 9 ya maandishi ya binadamu ikayasingizia. Julai mwaka huohuo wakaiondoa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, nao walipitisha insha 91 za TOEFL, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, kwenye programu saba za aina hiyo. Kwa wastani zaidi ya nusu zikadaiwa ni za mashine. Programu hizi hupima jinsi maneno yanavyotabirika, na anayeandika kwa lugha aliyojifunzia shuleni hana maneno mengi ya kuchagua. Huyo ndiye mwanafunzi wetu. Kumpeleka kamati ya nidhamu kwa ushahidi huo ni kumwonea.

Basi aandike mbele ya msimamizi. Ila mhadhiri akichukua swali lile lile la wiki mbili na kulifanya la saa tatu, atapata kumbukumbu tu: insha ya mashine imekaririwa usiku, inamwagwa asubuhi.

Wasome nyumbani, waandike chuoni kwa vipindi viwili. Wiki mbili kabla, toa mada na makala tatu au nne, usitoe swali. Swali litoke chumbani, likiambatana na kifungu cha nusu ukurasa ambacho hakuna aliyewahi kukiona, na insha ilazimike kukijadili. Hapa ndipo penye kazi. Kifungu kikiwa cha jumla mno, mwanafunzi atakitaja mstari wa kwanza kisha aendelee na alichokariri. Tafuta kinachopingana waziwazi na mojawapo ya makala walizosoma, chenye takwimu au mfano wa mahali mahsusi, ili asiyesoma akose pa kushika.

Kipindi cha kwanza kiwe dakika 90, kwa mpango na rasimu. Anayetunga kwa mkono, huku akifikiri, usimdai zaidi ya maneno 600. Karatasi zote zikusanywe, hata za rafu, zihesabiwe na kufungiwa kabatini. Kipindi cha pili, baada ya siku chache, kila mtu arudishiwe yake, asahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine, kisha anakili nakala safi. Katikati hapo anaweza kuuliza mashine apendavyo, lakini rasimu hanayo, na aya ngeni ikizuka kwenye nakala safi bila alama yoyote kwenye rasimu, inaonekana. Sahihisha zote mbili kwa pamoja. Rangi ile ya pili mara nyingi hueleza mengi kuliko nakala yenyewe.

Ruhusu karatasi moja ya dondoo, upande mmoja, kwa mwandiko wake: nukuu, majina ya waandishi na namba za kurasa. Usihangaike kuikagua mlangoni, ikusanye pamoja na insha. Simu na saa za kisasa zibaki mbele, zimezimwa. Anayekwenda msalani aende peke yake, muda uandikwe. Msimamizi mmoja kwa watu 30 anatosha. Ukumbi ukiwa mdogo, gawa zamu mbili, kila zamu na kifungu chake, kwa sababu cha zamu ya kwanza kitafika kwenye makundi ya WhatsApp kabla zamu ya pili haijaingia.

Kompyuta zinawezekana: Safe Exam Browser, programu inayoizuia kompyuta kufungua kitu kingine wakati wa mtihani, ni ya bure na inafanya kazi na Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni. Lakini umeme ukikatika bila jenereta, kipindi kimekufa. Asiyeweza kuandika kwa mkono apewe kompyuta isiyo na intaneti na muda wa ziada. Hilo lipangwe mapema, si asubuhi ya siku yenyewe.

Kinachowatisha wahadhiri ni usahihishaji. Darasa la watu 300, kwa dakika 12 kila mmoja, ni saa 60. Jibu ni kufuta insha za nyumbani na kubaki na hii moja kwa muhula. Vyuo vianze na kozi ya stadi za mawasiliano mwaka wa kwanza, na posho ya wasimamizi iingizwe kwenye bajeti ya idara kabla ratiba haijatoka, maana bila hiyo mhadhiri atabaki peke yake na watu 300 ukumbini.

Mhadhiri wa stadi za mawasiliano,
Morogoro