Barua ya wazi kwa Mkuu wa Polisi wa Gainesville, Florida

Mheshimiwa Mkuu,

Salamu. Nakuandikia kwa Kiswahili, na sidhani utakosa wa kukusomea, maana Chuo Kikuu cha Florida hapo mjini kwako kinakifundisha. Binti yangu anasoma hapo. Wazazi wenzangu wa Afrika Mashariki wakinipigia kuuliza kama mji uko salama, wengi huwa wameshasikia ya Agosti 1990.

Hayo unayajua kuliko mimi. Muhula ndiyo unafunguliwa, na ndani ya siku chache wanafunzi watano wakauawa kwa kisu katika nyumba tatu za kupanga. Makomeo yakaadimika madukani, vijana wakawa wanalala kwa makundi, wengine wakafungasha wakarudi kwao.

Mimi nina swali juu ya kijana ambaye hakuua mtu.

Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, anaumwa maradhi ya akili, usoni ana makovu ya ajali ya gari. Mwishoni mwa Agosti alikamatwa kwa ugomvi na bibi yake, yaani nyanya yake, mbali na Gainesville. Dhamana ikawekwa dola milioni 1. Kwa ugomvi wa nyumbani! Picha yake ikasambaa magazetini na kwenye televisheni, makovu yanaonekana vizuri kabisa, huku maofisa wasiotaka kutajwa wakiwanong'oneza waandishi kwamba huyu ndiye. Mji ukashusha pumzi.

Siku hizohizo polisi walikuwa wamemfukuza msituni, karibu na chuo, mtu aliyeshukiwa kuiba benki. Mtu aliwatoka, vitu vyake wakavikuta: hema, bastola, noti zilizorukiwa na rangi ya mtego wa benki, na kinasa sauti chenye kaseti. Vikapelekwa stoo ya vielelezo. Katika kaseti ile mwanamume anaimba, anaongea na familia yake, na anajitaja kwa jina lake: Danny Rolling, ambaye baadaye alithibitika ndiye muuaji wa wanafunzi wale. Ilikaa miezi kabla ya mtu kuisikiliza. Naomba uyafikirie hayo kama mpelelezi. Jina lilikuwa mikononi mwa polisi wenyewe, na waandishi wanapewa jina jingine.

Rolling mwenyewe alikuwa ameshakamatwa Septemba kule Ocala kwa wizi wa supamaketi. Kilichowaelekeza kwake ni simu ya mwanamke aliyemfahamu tangu Shreveport, Louisiana, ambako watu watatu wa familia moja waliuawa mwaka 1989. Vipimo vya vinasaba vikamaliza ubishi. Alikiri mahakamani mwaka 1994, akahukumiwa kifo, na hukumu ikatekelezwa kwa sindano ya sumu Oktoba 2006. Yule kijana hakuwahi kushtakiwa kwa mauaji hayo.

Utaniambia sheria ya Florida inaziweka wazi nyaraka za umma, na anayekamatwa jina lake haliwezi kufichwa. Sawa. Lakini sheria hiyo haimlazimishi ofisa kumwambia mwandishi pembeni kwamba aliyegombana na bibi yake ndiye muuaji wa wanafunzi. Na leo mnong'ono haungoji gazeti la asubuhi. Mwaka 2022 wanafunzi wanne walipouawa mjini Moscow, Idaho, watu mitandaoni walimtuhumu profesa wa chuo chao ambaye hakuhusika hata kidogo. Makundi yetu ya wazazi ya WhatsApp nayo si malaika. Tunasambaza picha kwanza, kuuliza baadaye.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Ofisi yako itangaze kwa maandishi kwamba hakuna ofisa atakayemhusisha mtu na mauaji, kwa jina au kwa kudokeza, kabla hajashtakiwa kwa mauaji hayo, na atakayevunja ajue adhabu yake. La pili, kila kielelezo kinachoingia stoo wakati wa hofu kama ile kiwe na ofisa mmoja anayewajibika kukikagua, na tarehe ya mwisho ya kufanya hivyo. Kaseti ni ya kusikilizwa.

Jibu lako likija kwa Kiingereza nitalitafsiri mwenyewe na kuwapelekea wazazi wenzangu.

Wasalaam,
Mzazi wa mwanafunzi, Gainesville